Lokdauni ilisafisha miji, au ilihamisha uchafu kutoka hewani kwenda dampo?

#1 Nyuki_Kazi
Wakuu, salaam.

Tangu juzi nabishana na kaka yangu mpaka nyumba nzima imechoka kutusikiliza, nikaona ubishi niulete huku. Yeye anasema lokdauni za 2020 ni ushahidi kwamba mji unaweza kusafishika ndani ya wiki mbili. Mfano wake ni Jalandhar, India. Amri ya kutotoka nje ilianza 25 Machi 2020, na mwanzoni mwa Aprili watu wakapanda juu ya paa zao wakaiona milima ya Dhauladhar, iliyo zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo. Wengine ni watu wazima na hawakuwahi kuiona wakiwa nyumbani. Pia ananionyesha zile picha za setilaiti za China: Januari wingu jekundu, Februari karibu hakuna kitu.

Mimi nasema hewa ilitulia, sawa, lakini barakoa, glovu, mifuko na vifungashio vilimwagika kila kona. Moshi ukikatwa unatawanyika. Plastiki ya 2020 iko mahali fulani hadi leo hii.

Ukijumlisha na kutoa, tulipata au tulipoteza? Na ilikuwaje plastiki iongezeke wakati kila kitu kimesimama?

#2 Sauti_ya_Kozi
Tulipata. Niliendesha lori kipindi chote kile kwa sababu mizigo ya dawa haikusimama. Baada ya miaka 12 barabarani, ndiyo mara ya kwanza nafika jioni macho hayaniwashi. Sihitaji setilaiti kunithibitishia hilo.

#3 Mkemia
Nyuki, kaka yako yuko sahihi kwa gesi moja na amekosea kwa nyingine. "Hewa safi" si kitu kimoja.

Naitrojeni dioksaidi hutoka hasa kwenye injini na mitambo inayochoma mafuta, na hudumu hewani kwa saa chache tu. Ukizima injini leo, kesho imeshuka. Ndiyo maana picha za setilaiti zilibadilika haraka: zile zilionyesha gesi hiyo. Hazikuonyesha uchafu wote.

Chembe laini, zile PM2.5, zina wazazi wengi. Magari yamo, ila kuna pia majiko ya kuni na mkaa, uchomaji wa mabaki ya mashambani, mitambo ya umeme ya makaa ya mawe, na amonia inayotoka kwenye mbolea na mifugo. Watu waliofungiwa ndani waliendelea kupika. Mashamba hayakufungiwa. Kwa hiyo chembe zilishuka, lakini si kwa kasi ya naitrojeni dioksaidi. Beijing ilifunikwa na ukungu mzito wa moshi Februari 2020 magari yakiwa yamepungua kabisa: upepo ulikuwa umetulia, unyevu mwingi, na gesi zilizobaki ziliendelea kugeuka chembe humo humo hewani.

Ozoni ndiyo iliyoshangaza wengi, maana katika miji mingi ILIPANDA. Moshi mbichi wa magari una naitrojeni oksaidi inayoila ozoni ya karibu na ardhi. Ukiuondoa moshi, ozoni inakosa wa kuila. Na hii ya chini inaumiza mapafu, msiichanganye na ile ya juu inayotukinga na mionzi ya jua.

#4 Kasuku77
Naweka kambi hapa. Uzi mtamu.

#5 Mama_Wawili
Mwanangu wa kwanza ana pumu. Kabla ya korona hazikupita wiki mbili bila kumwamsha usiku nimpe dawa ya kuvuta. Kipindi kile cha kufungiwa alikaa miezi miwili na nusu bila shambulio hata moja. Najua ni mtoto mmoja, lakini kwangu mimi yule mmoja ndiye dunia. Nikisoma kwamba ozoni ilipanda nabaki najiuliza, mbona yeye alipumua?

#6 Nesi_wa_Zamu
Dada Mama_Wawili, wodini kwetu tuliliona hilo hilo. Watoto wa pumu walipungua mpaka tukawa tunaulizana wameenda wapi. Lakini usiipe hewa sifa zote. Shule zilifungwa, na mafua ya kawaida ya watoto ndiyo mchokozi mkubwa wa pumu. Mikono ilinawiwa kuliko wakati wowote. Halafu, na hili linaniuma kulisema, wapo waliougua wakabaki nyumbani kwa kuogopa hospitali. Ukihesabu vitanda vitupu utasema watu wamepona, kumbe wengine hawakuja tu.

#7 Mama_Wawili
Asante Nesi. Hilo la mafua sikuwa nimelifikiria.

#8 Karani_Bandari
Tuwekane sawa kuhusu picha za China kwenye #1. Mwaka mpya wa Kichina wa 2020 uliangukia 25 Januari, siku mbili tu baada ya Wuhan kufungwa. Kila mwaka kipindi hicho viwanda hupumzika na uchafu hushuka. Kwa hiyo sehemu ya lile "karibu hakuna kitu" ni sikukuu.

Kuna jambo la pili ambalo halisemwi. Kuanzia 1 Januari 2020 kanuni ya Shirika la Kimataifa la Bahari ilishusha kiwango cha salfa kwenye mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Miji ya bandari ingepungukiwa na salfa mwaka ule hata kama virusi visingetokea. Mwenye takwimu za mji wa bandari asiipe lokdauni pato lote.

#9 Mkemia
Karani, la salfa nalikubali na nilipaswa kulitaja mwenyewe. La sikukuu nakupinga kidogo. Miaka mingine naitrojeni dioksaidi hushuka wakati wa sikukuu, kisha watu wakirudi kazini hupanda tena. 2020 sikukuu iliisha na gesi ikabaki chini kwa wiki kadhaa. Na Italia na India hazikuwa na mwaka mpya wa Kichina, lakini mteremko ulionekana huko pia.

#10 Tumbili_Mweupe
Mmesahau Venice! Maji yalitakata mpaka pomboo wakarudi kwenye mifereji. Niliiona video kwa macho yangu.

#11 Karani_Bandari
Tumbili, wale pomboo walipigwa picha Cagliari, kisiwani Sardinia, mamia ya kilomita kutoka Venice. Hawakuwa wamerudi popote, wapo pale kila siku. Maji ya Venice kweli yalikuwa maangavu, ila ni kwa sababu boti zilisimama na tope la chini halikutibuliwa. Maji yanayoonyesha chini si lazima yawe maji safi.

#12 Tumbili_Mweupe
Na niliituma kwa ukoo mzima 😀 Leo leo natuma masahihisho.

#13 Chupa_Tupu
Naona mmejaa hewani, ngoja niwashushe ardhini. Kazi yangu ni kununua chupa na plastiki ngumu kutoka kwa waokotaji, kuzichambua, kuzifunga marobota na kuziuza kwa wasagaji. Miaka 15 sasa.

Nyuki anauliza kwa nini plastiki iliongezeka. Nianze na kitu kimoja: mimi sikuona tu kuongezeka kwa plastiki. Niliona kuvunjika kwa mnyororo wa kuiokota. Waokotaji walikatazwa kutoka kama watu wengine wote, wakati hawana akiba ya hata siku tatu. Wale wachache waliotoka walikutana na mifuko ya majumbani yenye barakoa na tishu ndani, wakaogopa kuifungua, na hawakukosea. Ofisi, vyuo na hoteli, ambako chupa hutoka nyingi, safi na kwa mkupuo, zilifungwa. Taka zikahamia majumbani, zikachanganyika na maganda na majivu. Chupa ile ile, kilo ile ile, ikitoka hotelini ni mali, ikitoka kwenye mfuko wa taka mchanganyiko ni hasara.

Kwa hiyo hata kama mji ungetoa plastiki kiasi kile kile cha 2019, mngeiona nyingi zaidi mitaroni, kwa sababu mikono iliyokuwa inaiondoa ilikuwa imefungiwa ndani. Nilikuwa na waokotaji 40 walioniletea mzigo. Waliorudi baada ya hapo ni 23. Wengine nimewatafuta, sijui waliko.

#14 Nyuki_Kazi
Chupa_Tupu, umenifungua macho. Nilikuwa nahesabu kinachotupwa, sikuhesabu kinachookotwa.

#15 Mzee_Kirungu
Wanangu, hamjambo. Mimi nilisoma kwamba dunia ilikuwa inatumia barakoa bilioni 129 kila mwezi. Bilioni 129! Ukiwa na namba hiyo huhitaji nadharia za waokotaji.

#16 Mkemia
Shikamoo Mzee. Namba hiyo ipo kwenye andiko la kitaaluma la 2020, ila chunguza ilivyopatikana. Walichukua makadirio kwamba Italia, yenye watu kama milioni 60, ingehitaji barakoa bilioni moja kwa mwezi wakati wa kufungua nchi, kisha wakazidisha kwa watu wote duniani. Piga mwenyewe hesabu: bilioni 7.8 gawanya kwa milioni 60, unapata karibu 130. Ni sawa na kusema kila binadamu, mtoto mchanga na mkulima aliye peke yake shambani, alitumia barakoa 16 au 17 mpya kila mwezi. Yalikuwa makadirio ya mahitaji. Hayakuwa hesabu ya kilichotupwa.

#17 Mzee_Kirungu
Marahaba. Hata ukiigawa kwa kumi bado ni bilioni 13 kwa mwezi, mwanangu. Plastiki ya polipropilini tupu, ambayo haiozi. Kuwa namba ilitiwa chumvi hakuziondoi zile nilizoziona zimekwama kwenye miiba.

#18 Nesi_wa_Zamu
Mzee, mnaziona za barabarani kwa sababu zipo barabarani. Mzigo mkubwa ulikuwa kwetu. Wuhan wakati wa kilele ilikuwa inatoa takriban tani 240 za taka za hospitali kwa siku, kutoka kama 40 kabla ya mlipuko. Utafiti uliotoka Novemba 2021 ulikadiria zaidi ya tani milioni 8 za taka za plastiki zilizotokana na janga duniani kote, na sehemu kubwa mno ilitoka hospitalini. Barakoa za watu binafsi zilikuwa sehemu ndogo.

Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa ripoti mwanzoni mwa 2022. Vifaa vya kinga vilivyonunuliwa kupitia mpango wa pamoja wa Umoja wa Mataifa pekee, kati ya Machi 2020 na Novemba 2021, vilikuwa takriban tani 87,000, na vingi vilitarajiwa kuishia kuwa taka. Dozi zaidi ya bilioni 8 za chanjo zikaongeza tani 144,000 za sindano, mabomba yake na maboksi ya kuzitupia. Hapo bado hujahesabu walichonunua watu wenyewe.

Niseme la moyoni. Kwenye zamu moja nilikuwa navaa glovu jozi mbili mbili, aproni na gauni la plastiki, na navua vyote kila nikitoka kwa mgonjwa. Sitaomba radhi kwa plastiki ile. Ndiyo iliyonirudisha kwa wanangu. Ninachokililia ni kwamba hakuna aliyeuliza mifuko ile itakwenda wapi mpaka ilipojaa uani.

#19 Sauti_ya_Kozi
Nesi, Mungu akubariki. Hizo za kwenu hakuna mwenye akili atakayezilaumu.

#20 Karani_Bandari
Nitie mchanga kwenye pilau. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi linalojumuisha hasa nchi tajiri, walitoa tathmini Februari 2022: matumizi ya plastiki duniani mwaka 2020 YALISHUKA kwa asilimia 2.2 ukilinganisha na 2019. Na takwimu za watengenezaji zinaonyesha uzalishaji ulibaki karibu pale pale, tani milioni 368 mwaka 2019 na 367 mwaka 2020. Mafuriko ya plastiki mnayoyasema yalitoka wapi?

#21 Kasuku77
Sasa hapa sielewi tena. Ilipanda au ilishuka?

#22 Chupa_Tupu
Kasuku, vyote viwili, na hapa ndipo watu wengi huteleza. Plastiki iliyoshuka ni ya magari, ujenzi na vyombo vya umeme. Hiyo ikiingia kwenye gari inakaa humo miaka kumi na zaidi kabla haijawa taka. Iliyopanda ni ya vifungashio vya chakula cha kuagiza, chupa za vitakasa mikono, vifaa vya kinga. Hiyo inakuwa taka wiki ile ile. Jumla ikishuka kidogo, pipa lako linaweza kujaa mara mbili. Anayepima kiwandani na anayepima kwenye pipa hawapimi kitu kimoja.

#23 Karani_Bandari
Hapo umegonga penyewe. Ila bado kuna sababu ambayo hujaitaja na najua ilikuuma: mafuta. 20 Aprili 2020 bei ya pipa la mafuta ghafi ya Marekani kwenye mikataba ya Mei ilifunga chini ya sifuri, hasi dola 37.63. Plastiki mpya inatokana na mafuta na gesi. Malighafi ikiporomoka, nani atanunua chengachenga za chupa kuukuu?

#24 Chupa_Tupu
Iliniuma kweli. Mnunuzi wangu aliniambia mzigo nibaki nao. Marobota yalikaa mvuani miezi mitano, mengine jua liliyaharibu. Lakini nakataa kwamba mafuta ndiyo chanzo. Mkwamo wangu ulianza Machi, bei haijafika huko chini. Waokotaji walisimama kwanza, bei ikaja kumalizia.

#25 Mtambuka
Wote mnapita pembeni. Chanzo kilikuwa hofu, na hofu hiyo ilikuwa na tarehe. Machi 2020 wanasayansi walichapisha kwamba kirusi kinaweza kugundulika kwenye plastiki na chuma cha pua hadi saa 72, na kwenye kadibodi hadi saa 24. Cha ajabu, watu waliposikia hivyo wakakimbilia plastiki! Maduka ya kahawa ya Starbucks yakaacha kupokea vikombe vya wateja. California ikasitisha zuio lake la mifuko ya plastiki kwa siku 60. Uingereza ikasogeza zuio la mirija ya plastiki ya kunywea kutoka Aprili hadi Oktoba.

Wala hofu hiyo haikuachwa ienee yenyewe tu. Machi hiyo hiyo chama cha wenye viwanda vya plastiki cha Marekani kiliiandikia wizara ya afya kuitaka itamke wazi kwamba mifuko ya kutumia mara moja ni salama zaidi. Juni 2020 wataalamu zaidi ya 100 kutoka nchi mbalimbali wakatoa tamko kwamba vyombo vya kurudia kutumia ni salama vikioshwa vizuri. Walichelewa. Mazoea yalikuwa yameshaota mizizi.

#26 Nesi_wa_Zamu
Mtambuka, nakuelewa, ila usihukumu Machi kwa ujuzi wa Juni. Mwezi ule sisi wenyewe tulikuwa tunafuta viatu kwa dawa kabla ya kuingia ndani. Hatukujua.

#27 Mtambuka
Nakubali kwa nyie wauguzi. Kwa waandika barua sikubali.

#28 Tumbili_Mweupe
Baada ya pomboo naogopa kuandika, lakini hili nimelihakiki mara tatu. Mitetemo ya ardhi inayosababishwa na shughuli za binadamu ilipungua hadi nusu kwenye vituo vingi vya kupimia matetemeko, utafiti ulitoka Julai 2020. Na San Francisco kuna shomoro walioshusha sauti zao kwa sababu hawakuwa na kelele za kushindana nazo. Wimbo ulikuwa wa chini lakini ulifika mbali zaidi. Kelele nazo ni uchafuzi wa mji, na hakuna aliyezitaja mpaka sasa.

#29 Mkemia
Tumbili, yote mawili ni ya kweli. Umejikomboa.

#30 Mzee_Kirungu
Na hali ya hewa ya dunia? Si walisema hewa ukaa ilipungua?

#31 Mkemia
Mwanzoni mwa Aprili 2020 utoaji wa kila siku ulikuwa chini kwa asilimia 17 ukilinganisha na wastani wa 2019, na karibu nusu ya punguzo hilo ni usafiri wa barabarani. Lakini kilichokwisha kurundikana angani hakikuondoka. Kituo cha Mauna Loa, Hawaii, kilipima wastani wa sehemu 417 kwa milioni mwezi Mei 2020, rekodi ya wakati ule. Ni bomba na ndoo, Mzee: ukipunguza bomba kidogo, ndoo inaendelea kujaa.

Methani, gesi nyingine inayoongeza joto la dunia, nayo iliongezeka 2020 kwa kasi ya rekodi. Maelezo yanagongana. Wapo wanaosema ni maeneo oevu yaliyopata joto na mvua nyingi. Wapo wanaosema ni lokdauni yenyewe, kwa sababu naitrojeni oksaidi ikipungua, ile kemikali ya hewani inayoivunja methani nayo hupungua. Wengine wanagawa karibu nusu kwa nusu. Kwa hiyo inawezekana kwamba kusafisha moshi wa mji kulirefusha maisha ya gesi nyingine.

#32 Sauti_ya_Kozi
Mkemia, kila nikifurahi unanipokonya. Niachie basi macho yangu yasiyowasha.

#33 Mkemia
Hayo ni yako, kaka, na ni kweli tupu. Naitrojeni dioksaidi ilishuka sana barabarani, usawa wa pua ya dereva.

#34 Mama_Wawili
Kilichofuata je? Milan ilitangaza kilomita 35 za barabara kwa ajili ya baiskeli na wanaotembea, Paris nayo ikachora njia zake. Huku nilipo watu walianza kuogopa mabasi, na kila aliyeweza akanunua gari au pikipiki. Mwanangu akaanza tena kuamka usiku. Shule zilikuwa hazijafunguliwa bado, Nesi. Mafua hayakuwa yamerudi. Magari yalikuwa yamerudi.

#35 Nesi_wa_Zamu
Hapo dada umenishinda. Sina jibu la haraka.

#36 Nyuki_Kazi
Nashukuruni wote. Nimemsomea kaka posti #3 na #22, kanyamaza kwa dakika nzima. Nina swali moja limebaki kwa Nesi: ile mifuko iliyojaa uani, mwisho wake ulikuwa nini?

#37 Nesi_wa_Zamu
Nimetoka zamu sasa hivi. Mahali nilipokuwa nafanya kazi, tanuri lilijengwa kwa taka za siku ya kawaida. Lilizidiwa wiki ya tatu. Baada ya hapo lilichimbwa shimo nyuma ya jengo na mifuko ikachomwa humo, usiku, kwa moto wa wazi. Moshi wake ulikuwa mweusi na unanata kooni. Tulifunga madirisha ya wodi upande ule, na wagonjwa wenyewe walikuwa ni wa mapafu.

#38 Nyuki_Kazi
Mkemia, moshi wa aina hiyo unaonekana kwenye zile picha za setilaiti?

#39 Mkemia
Hapana. Kipande kimoja cha picha ile hufunika kilomita kadhaa kila upande, na chombo hupita mara moja kwa siku, mchana. Shimo linalowaka usiku nyuma ya jengo halionekani. Uwe na kipimo cha ardhini pale pale.

#40 Chupa_Tupu
Barakoa bado naletewa, siku hizi si nyingi, moja moja ndani ya robota. Kamba zake za masikioni zinajisokota kwenye mhimili wa mashine ya kusagia, inabidi izimwe na mtu aingize mkono na kisu azikate. Jana tumesimama dakika 20 kwa ajili ya moja, na imefifia kiasi kwamba buluu yake haionekani tena.